Kwa wanangu mnaopanga chumba cha kwanza Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Barua hii nawaandikia nyinyi mnaoanza maisha: mliopata kazi bandarini, hotelini na madukani, mlio maharusi wa juzi, na nyinyi mliotoka bara mkashukia Mwembe Tayari na begi moja. Mimi nina vyumba vya kupangisha hapa Majengo, na kwa miaka mingi nimeona wapangaji wakiingia na wakitoka. Naona kinachoshushwa kwenye mkokoteni siku ya kwanza, na naona kinachotupwa jaani mwaka unaofuata. Nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mama.

Linaloniuma ni hili. Kijana akipokea mshahara wa kwanza huanza na sebule. Atatafuta seti ya makochi, runinga kubwa na kapeti la manyoya, yote kwa ajili ya mgeni atakayekuja Jumapili. Yeye mwenyewe analala kwenye godoro jembamba lililotandikwa sakafuni, maji anaazima kwa jirani, na nyuma ya kochi ukuta umeota ukungu mweusi. Haupiti muda kochi linanuka, kifua kinambana, na deni la simu bado halijaisha. Wanangu, anzeni na yule anayelala humo ndani. Mgeni atakaa mkekani, atakunywa chai yake, na atashukuru.

Kabla hujaingiza hata kijiko, mwombe mwenye nyumba funguo siku moja au mbili mapema. Chumba kitupu husafishika kwa nusu siku, lakini kikishajaa vitu, pembe zake hutaziona tena mpaka uhame. Piga picha kila ufa, kila swichi iliyovunjika na kila doa la maji darini, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, ili dipoziti yako isije ikaliwa na kasoro ulizozikuta. Nasema haya nami ni mwenye nyumba. Picha hizo hutulinda sote.

Kisha tazama kuta, maana hapa kwetu vita ni vya unyevu. Nyumba nyingi za zamani kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mawe haya hunyonya maji. Mvua za masika zikishika Aprili na Mei, rangi hufura na kumenyuka kama maganda ya kitunguu. Ukiona hivyo usikimbilie kupaka rangi mpya juu yake. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu huyafungia maji ndani ya ukuta, na baadaye plasta yenyewe hudondoka. Lowesha kidogo ule ukungu ili vumbi lake lisikuingie puani, jifunge kitambaa mdomoni, kwangua kwa burashi ya waya, uache ukuta ukauke vizuri, halafu upake chokaa. Chokaa ni rahisi, inauacha ukuta upumue, na ukungu hauwezi kuota juu yake ikiwa bado mbichi na kali. Ukali huo huo huchoma macho na ngozi, kwa hivyo vaa glavu na miwani, na watoto wasikaribie mpaka ikauke.

Kwa vigae, masinki na kuta zilizopakwa rangi, jiki inatosha. Kikombe kimoja katika maji ya lita 4, pakaa, acha dakika kumi hivi, sugua, suuza. Sasa nisikilizeni hapa kuliko popote pengine: jiki usiichanganye na kitu chochote isipokuwa maji. Watu hutia jiki chooni, wakiona uchafu haujatoka wanaongeza ile dawa ya choo yenye asidi, au siki, au ndimu. Papo hapo hutoka hewa ya klorini, na choo cha nyumba zetu ni kidogo, hakina dirisha. Mtu anaweza kuanguka mle ndani. Hata dawa zenye amonia hazichanganywi na jiki. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, mlango ukiwa wazi, na hiyo nyingine ingoje siku nyingine. Siki na ndimu zina kazi yake nzuri kwingine: ukiwa unatumia maji ya kisima, birika litafanya gamba jeupe ndani, nalo huyeyuka ukichemsha maji yenye siki au ndimu kidogo.

Udi na ubani ni vyetu, fukizeni. Ila fukizeni chumba kilichokwisha kupigwa deki na kukauka, maana moshi hauondoi unyevu wala hauui kilichoota ukutani.

Sasa kitanda. Fedha yako ya kwanza iende kwenye godoro jipya, hata likiwa la futi 3 kwa 6. Godoro la mitumba usilinunue, hata uapiwe kwamba lilikuwa la mgeni. Kunguni huishi miezi bila kula, na wakishaingia katika nyumba ya vyumba sita, huwa ni msiba wa vyumba vyote sita. Kitanda kilichotumika ni sawa, meza sawa, kabati sawa, lakini kabla hujalipa chukua tochi ya simu umulike kwenye viungo, matundu ya misumari na chini ya chaga. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino, au vijiyai vyeupe, ondoka. Kitanda safi nacho kifungue kabisa nje, umwagie maji yanayochemka kwenye kila kiungo, kisha ukianike. Shuka na mapazia ya mitumba ya soko la Kongowea, ambayo mazuri yake ni mazuri kweli, yatumbukize kwenye maji ya moto sana kabla hayajavuka mlango. Kuna wanaomwaga mafuta ya taa kitandani ili kuua kunguni. Msifanye hivyo. Nyumba zetu zimebanana, na moto wa chumba kimoja hauishii chumba kimoja.

Kama bado huna cha kununulia kitanda, usilaze godoro juu ya saruji. Jasho la usiku hushuka, hukutana na sakafu baridi, na ukiliinua baada ya mwezi utakuta upande wa chini umeota. Mji wetu ni wa bandari, paleti za mbao zimejaa. Tafuta mbili, uzipige msasa, uziweke chini ya godoro, hewa ipite. Lakini zisome kwanza, maana huwa zimepigwa mhuri. Yenye herufi HT imetibiwa kwa joto, hiyo ni salama. Yenye MB imefukizwa kwa methili bromidi, dawa ya sumu ya kuulia wadudu, hiyo iache huko huko. Isiyo na mhuri wowote nayo iache, kwa sababu hujui ilimwagikiwa nini.

Kabati za mbao za unga ulioshikanishwa kwa gundi zinang'aa dukani, lakini unyevu wa pwani huzifurisha miguu, na skrubu zikachomoka. Kwa bei ileile, au chini yake, fundi seremala wa barabarani atakuuzia kabati la saiprasi lililotumika ambalo litakutumikia mpaka watoto wako waende shule. Ukilipata, liinue kidogo kwa vipande vya matofali, na uliache mbali na ukuta upana wa kiganja. Kitanda cha chuma kipake rangi ya kuzuia kutu kabla hakijaingia, hasa mlio Nyali, Bamburi na Likoni karibu na ufuo.

Maji. Sehemu kubwa ya maji matamu yanayotufikia hutoka mbali, Baricho na Mzima, na mfereji hukauka bila kuaga. Nunua jaba lenye kifuniko kinachofunga barabara, na mitungi miwili ya lita 20 ya kubebea, kabla hujafikiria runinga. Kifuniko si cha vumbi tu. Mbu anayeambukiza dengi na chikungunya hutaga ndani ya vyombo vya maji vya majumbani, na hung'ata mchana, wakati neti imefungwa juu. Mliokuwapo mwaka 2017 na 2018 mnakumbuka jinsi chikungunya ilivyowakunja watu viungo mji mzima. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa chombo na hustahimili ukavu, kwa hivyo kumwaga maji hakutoshi. Kila wiki sugua jaba kwa burashi mpaka juu kabisa.

Jikoni sitakaa sana. Sufuria mbili zenye mifuniko, mwiko, upawa, kisu, kibao, mbuzi ya kukunia nazi, sahani chache, birika, chupa ya chai. Mtungi wa gesi wa kilo 6 na meko yake unatosha kwa mtu mmoja au wawili. Uusimamishe wima, karibu na dirisha, na kila ukibadilisha mtungi pakaa povu la sabuni kwenye kiungo: likitoa mapovu, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hivyo ukiisikia harufu usiguse swichi. Fungua mlango kwanza.

Na sebule? Mkeka mzuri wa ukindu na mito ya sufi. Wazee wetu walipokea masharifu na makadhi juu ya mikeka na hawakupungukiwa heshima. Mito itoe juani mara kwa mara. Dirishani tundika doti ya leso ya Biashara Street, inapitisha upepo kuliko pazia zito, na ukihama unajifunga. Makochi yatakuja, insha Allah, baada ya kukijua chumba: jua linaingilia wapi, mvua inapenyea wapi, na upepo wa kusi unapiga dirisha gani.

Juu ya fedha nawasihi kwa dhati. Mkopo wa simu si wa kununulia fanicha. Ukichukua kitu cha lipa mdogo mdogo, zidisha kile kiasi cha siku kwa siku zote, uandike jumla kwenye karatasi, kisha uende ukaulize bei ya taslimu ya kitu kile kile. Mara nyingi utarudi ukiwa umetulia. Bora mwingie mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, watu watano mnaoaminiana, na kila zamu iwe na jina: hii godoro, hii jaba, hii kabati.

Nyinyi wavulana, msingoje mke ndipo chumba kijue deki. Fagio la chelewa, ndoo, tambara na sabuni ya kipande havina jinsia, na binti wa watu hakuja kufufua choo ulichokiua wewe.

Anayehamia mwezi huu na hana burashi ya waya wala ngazi, aulize majirani kabla ya kununua. Ni vitu vya kutumiwa mara moja kwa mwaka, na kimoja kinatosha mtaa mzima. Vyangu viko ukumbini, nyuma ya mlango, njooni mchukue, ila mvirudishe vikiwa vimeoshwa.

Wassalaam.

Mama yenu, Majengo, Mombasa