Gari la 4x4 likitetemeka kwenye barabara kuu, lipimwe kabla ya kuuziwa vipuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye magari ya 4x4 wa Nakuru, Kericho, Kisumu na magharibi kwa jumla, pamoja na mafundi wenzangu. Gari limetulia mjini, lakini likifika kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa linaanza kutetemeka. Mwenyewe akilipeleka karakana anauziwa shokabsoba nne, kisha dampa ya usukani (kifaa cha kupunguza mtikisiko wake), kisha anafanyiwa alaimenti, na mtetemo unabaki palepale. Shokabsoba iliyokufa inashindwa kuuzima mtetemo, lakini si yenyewe inayouanzisha. Alaimenti mbovu huvuta gari upande na kula tairi. Pesa za watu zinaishia hapo, na hili linaniuma.

Chanzo huwa ni kitu kinachozunguka, kwa hiyo ulizeni kwanza kinazunguka kwa kasi gani. Tairi la 265/65R17 lina mzingo wa karibu mita 2.4. Kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Propela shafti ya gari hilo, yaani mhimili unaopeleka nguvu hadi difu, ikiwa difu yake ni ya 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja), inazunguka karibu mara 47 katika sekunde hiyo hiyo. Mwili unaitambua tofauti hiyo. Gurudumu linatikisa: usukani unacheza mkononi ikiwa ni la mbele, kiti kinatikisika ikiwa ni la nyuma. Propela inatoa mvumo wa haraka unaopanda kutoka sakafuni hadi picha kwenye kioo cha ndani inafifia.

Injini ni rahisi kuitenga. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari mengi, mathalani kipande cha kati ya Awasi na Ahero asubuhi na mapema. Shika kasi ile ya mtetemo ukiwa gia ya tano, kisha rudi ya nne bila kubadilisha kasi. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haina hatia. Kisha weka gia huru kwa sekunde chache, injini ikiendelea kunguruma; mtetemo ukiendelea hata hapo, umethibitisha si injini. Usizime ufunguo, maana usukani unaweza kujifunga na breki zikakosa nguvu. Na usifanye jaribio hili kwenye mteremko wa kuelekea Salgaa. Kushuka pale bila gia kumeshagharimu maisha ya wengi. Mtetemo ukipotea unapoachilia mafuta na kurudi unapokanyaga, kagua krosi za propela (viungo vya msalaba kwenye ncha zake), jointi za ndani za shafti za mbele, na raba zinazobeba injini na giaboksi.

Kwa magurudumu, anza na maji na brashi. Udongo mweusi wa Kano ukikauka ndani ya rimu hushika kama saruji, na rimu ikibalansiwa nao, siku utakapobanduka balansi yote imeharibika. Wenye mashine za kubalansi, osheni upande wa ndani kwanza. Rimu ishikwe kwa koni kupitia tundu la katikati, na tundu lenyewe lisuguliwe kutu. Ukimaliza, legeza rimu, izungushe nusu duara kwenye mashine, uikaze na kuipima tena. Mashine ikidai gramu nyingi tena, haikukaa katikati na kazi yote ya awali ni bure. Gurudumu linalodai zaidi ya gramu 100 upande mmoja nalitilia shaka: huenda ndani kuna gaita kubwa (kiraka cha tairi), tyubu, dawa ya panchari au maji.

Tairi lisilo duara kamili haliponywi na balansi. Inua gari, simamisha kipande cha waya karibu na uso wa tairi, kisha lizungushe polepole kwa mkono. Nafasi ikibadilika zaidi ya milimita 1.5 hivi, pima rimu yenyewe kwa njia hiyo hiyo ujue kama ilipinda kwenye shimo. Rimu ikiwa nzima, toa upepo, geuza tairi nusu duara juu ya rimu na upime tena. Mara nyingi kasoro ya tairi na ya rimu hupunguzana. Tairi lenye uvimbe litupwe, halina dawa.

Jaribio lisilo na gharama ni kuhamisha magurudumu ya mbele nyuma. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kitini, mkosaji ni mojawapo ya hayo mawili. Angalia nati pia. Rimu nyingi za chuma huhitaji nati zenye koni, na baadhi ya za aluminiamu huhitaji zenye shingo na washa bapa; zikichanganywa, gurudumu halikai katikati ya habu. Kaza kwa mtindo wa nyota gurudumu likiwa hewani, malizia chini, na urudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Propela ndiyo inayoharibiwa zaidi na mikono yetu mafundi. Kabla ya kuifungua, piga alama ya rangi kwenye flenji zote na pale vipande viwili vinapoteleza kimoja ndani ya kingine. Ukirudisha kwa jino moja pembeni, krosi za ncha mbili haziwiani tena, na gari lililokuja na kelele ndogo linaondoka likivuma. Wala usizipange kwa macho, kwa sababu baadhi ya propela za mbele zimetoka kiwandani zikiwa zimepishanishwa makusudi. Unga mwekundu kwenye sili ya krosi unaonyesha imekauka grisi, na ikikwama au kulegea mkononi ibadilishwe. Ukipiga grisi kwenye sehemu inayoteleza, acha mara tu shafti inapoanza kujinyoosha. Ikijazwa kupita kiasi inakosa pa kurudi.

Kwenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote muda wote, kama Prado nyingi na Defender, toa propela ya mbele, funga difu ya katikati (inayogawa nguvu mbele na nyuma), uendeshe kwa ya nyuma pekee. Mtetemo ukiisha, umepata upande. Lakini jihadharini: propela moja ikiwa nje na difu ya katikati haijafungwa, gari halishikiliwi na gia wala na P. Kwenye Defender za zamani, breki ya mkono hushika propela ya nyuma, hivyo ukiitoa hiyo usiitegemee tena breki ya mkono. Weka vizuizi pande zote mbili za magurudumu kabla ya kuingia chini.

Gari lililoinuliwa sentimita 5 na kuanza kuvuma siku hiyo hiyo halihitaji krosi mpya. Pembe za propela zimebadilika. Penye krosi moja kila ncha, pembe za ncha mbili zinapaswa kulingana, na hurekebishwa kwa kubadilisha vyuma vinavyoshika ekseli (mikono yake) au bushi, ili kugeuza difu.

Ule mtikisiko mkali wa usukani unaoanza baada ya kugonga shimo, kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, ni kesi nyingine. Tafuta bushi zilizokwisha kwenye fimbo inayozuia ekseli kuhama kando, boljointi za usukani, na beringi zilizolegea za nakoli (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele). Dampa mpya italificha tatizo kwa muda tu huku bushi zikizidi kuliwa. Gari la namna hiyo lisiruhusiwe kutoka karakana kwenda safari kabla mtu mmoja hajatikisa usukani huku mwingine akiwa chini, ameshika kila kiungo kwa mkono.

Fundi wa propela na difu,
Nakuru