Risala ya wanakikundi wa mihadhara ya Jumamosi, Pangani, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Watendaji na wenyeviti wa vitongoji mliopo,
Mashekhe wetu, mapadri na wachungaji,
Wazee wa mji, walimu, wavuvi, akina mama na vijana,
Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanakikundi wote, nakushukuru kwa dhati kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kuketi nasi ndani ya kuta hizi. Karibu sana Pangani. Utaona tumekufungia turubai juu ya kiti chako. Turubai hilo tumeliazima kwa kamati ya mazishi ya mtaa, na jioni hii linarudi. Nimelitaja mapema kwa sababu neno letu kubwa la leo linaanzia hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Tulianza mwaka 2016 barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, watu 9 na birika moja la kahawa. Siku hiyo mwalimu alitueleza jinsi mkonge ulivyoingia nchini: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ikawa 62 tu, ikapandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto wetu, mahali tunapopita kila siku. Kijana mmoja akauliza, "Mbona sisi hatukuambiwa?" Swali hilo ndilo lililozaa kikundi. Tukakubaliana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri, tumwalike mtu anayelijua jambo lake vizuri aje atufundishe. Hatumlipi. Tunamrudishia nauli na tunampa sahani ya wali na samaki.

Kuhusu mafanikio, tunayo mengi na makubwa. Tumeshafanya mihadhara 58. Tumefundishwa habari za Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani na kunyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889, na mzungumzaji alikuwa mzee wa mji huu ambaye hakuwahi kushika chaki. Tumefundishwa kisiwa cha Maziwe: wazee wetu walikijua kina mivinje na kivuli, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale hayana budi kuhamishwa yasioze. Tumefundishwa mirathi, bima, ufugaji wa nyuki, na namna ya kusoma mita ya umeme. Daktari alipokuja kuzungumzia presha, watu 11 walipimwa usiku uleule na wawili wakapelekwa hospitali kesho yake asubuhi. Tunasema bila kusita kwamba kikundi hiki kimeokoa maisha. Na walimu wa sekondari ni mashahidi kwamba wanafunzi wanaohudhuria hapa wanauliza maswali darasani kuliko wenzao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa naomba uyainue macho yako kidogo. Juu ya turubai hakuna kitu.

Boma hili la ukumbi wetu wa mihadhara lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Msingi tuliuchimba wenyewe. Mawe yaliletwa na vijana, mchanga na maji vikabebwa na akina mama, na tofali tulizifyatua hapa uwanjani. Limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Tangu hapo limesimama miaka minne likinyeshewa. Ukipitisha kiganja juu ya ukuta ule wa upande wa bahari, tofali inabaki mkononi kama unga. Fundi wetu anasema kozi mbili za juu huenda tukazibomoa na kuzijenga upya, na kila masika inayopita inaongeza kozi nyingine. Kuchelewa huku kunatugharimu, Mheshimiwa.

Kuna watu wametushauri tutumie darasa. Tulilitumia. Mihadhara yetu inaisha baada ya isha, darasa halina taa, na bibi wa miaka 70 hawezi kukaa saa mbili kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili. Wengine walisema twende kwenye ukumbi wa msikiti au wa kanisa. Nyumba hizo tunaziheshimu, na wenyewe walitukaribisha kwa moyo mmoja, ila sisi tunataka mahali ambapo hakuna mtu atakayesita mlangoni.

Naomba nieleze jioni moja tu. Ilikuwa mwezi wa nne. Mtaalamu wa bahari alitoka Tanga kuja kutufundisha habari za silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Samaki huyo anaingia kwenye majarife, yaani nyavu za matundu makubwa, ya wavuvi wa pwani yetu hii, na kwa ajili yake hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 2009. Watu walijaa mpaka nje. Tulitundika shuka jeupe ukutani, projekta tumeiazima, umeme tumeuvuta kwa waya kutoka dukani kwa jirani. Picha ya kwanza ilipotokea watoto walinyamaza kimya. Mvuvi mmoja, mtu mzima, hajawahi kuhudhuria kikao chochote mjini hapa, akasimama na kofia mkononi akauliza: "Mwanangu, mimi nimeshampata huyu mara mbili. Nikimkuta angali hai, nimrudishe vipi asife?"

Mtaalamu akafungua mdomo kujibu, na mvua ikashuka. Haikutanguliwa na manyunyu. Bibi mmoja alivua khanga yake ya juu akaifunika projekta, vijana wakakimbilia waya, shuka likadondoka kwenye matope. Ndani ya dakika tano tulibaki watu sita. Mtaalamu ilibidi aondoke usiku uleule. Yule mvuvi hajarudi tena, na sisi hatukupata jibu la kumpelekea.

Tangu siku hiyo, masika yote tunafunga. Vuli tunabahatisha. Na mzungumzaji aliyenyeshewa mara moja, ukimwalika tena, anakuwa na safari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba radhi kwa hili linalofuata, maana mgeni hukaribishwa kwa maneno matamu. Daftari la kikundi lina ukurasa wa ahadi, na wewe ni mgeni rasmi wetu wa nne. Wa kwanza alituahidi bati 100. Tulipiga vigelegele, tukamvisha kitenge kilichonunuliwa kwa mchango wa shilingi 500 kwa kila kaya. Tuliandika barua tatu. Ya mwisho niliipeleka mwenyewe kwa mkono, nikaambiwa faili linatafutwa. Wa pili alisema suala letu lipo kwenye mchakato. Wa tatu aliahidi mifuko 50 ya saruji, ikaja 20, na kwa hiyo 20 tunamshukuru mpaka leo kwani ndiyo iliyomwaga lenta hii. Majina hatuyataji. Walikuwa wageni wetu na walikula kwetu. Lakini ahadi ni deni, na wanaodaiwa maswali mtaani ni sisi wanakamati: bati ziko wapi, mmezila?

Mahitaji yenyewe ni haya. Mbao za dawa za kenchi na papi, zitakazobeba bati. Bati 80, pamoja na kofia zake na misumari. Tunaomba bati ziwe za geji 28. Geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, ni rahisi, tunajua, ila upepo wa chumvi unaitoboa mapema, na hatutaki kukualika tena kwa jambo hilihili. Kwa upande wetu, ufundi tutaugharamia wenyewe: tumeshaweka shilingi 640,000 kwa ajili hiyo, na vijana 14 wamejiandikisha kufanya kazi ya kupaua bila malipo. Milango, madirisha, sakafu na viti tutahangaika navyo wenyewe, leo hatukuombi.

Jambo moja zaidi, Mheshimiwa, na tunalisema kwa heshima zote. Safari hii hatuombi idadi. Tunaomba tarehe. Ikiwa ni bati 80, ni 40, au ni kumi, tutajie siku zitakapofika hapa, nasi tutaiandika mbele yako na mbele ya watu hawa. Ikiwa haliwezekani, tuambie leo hii, tutakushukuru vilevile na tutaanza kuchangishana bati mojamoja kwa kila kaya kabla masika haijaanza.

Mhadhara wa mwezi ujao ni wa mtaalamu wa jarife na uvuvi wa maji ya kina. Tumemtuma kijana nyumbani kwa yule mvuvi kumwalika, naye amesema atakuja kama mawingu yatakuwa mazuri.

Daftari liko mezani mbele yako, na kalamu ipo. Fundi wetu ameketi safu ya pili, amekuja na futi kamba yake, yuko tayari kwa swali lolote la vipimo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi