Muuguzi mpya apewe mlezi kwenye ratiba ya zamu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niwasemee wauguzi wanaoanza kazi, na ujumbe wangu uwafikie hasa wakuu wa wodi na wapangaji wa zamu. Tunawapoteza vijana hawa mapema mno. Wengi hawaondoki kwa kushindwa kazi. Wanaondoka kwa sababu katika wodi iliyojaa watu hawakuwa na wa kumuuliza.

Jambo hili lina miaka. Mwaka 1974 Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza mshtuko unaompata mhitimu pale aliyofundishwa chuoni yanapokutana na wodi ilivyo: wagonjwa wengi, mikono michache, na wenyeji waliozoea njia zao za mkato. Miaka kumi baadaye Patricia Benner, naye muuguzi na mtafiti wa Marekani, akaonyesha kwamba ustadi wa uuguzi hukua kwa hatua, toka mwanagenzi hadi bingwa, na kwamba huchukua miaka miwili mitatu ya kazi ya aina moja kabla mtu hajaweza kuipanga kwa uhakika. Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mhitimu anaingia, anaonyeshwa kabati la dawa na mahali pa kuandikia, na haupiti muda anakabidhiwa zamu ya usiku. Akiuliza dozi anajibiwa, "Kwani chuoni mlifundishwa nini?" Swali hilo naliona la hatari kuliko tusi. Aliyejibiwa hivyo mara mbili hatauliza ya tatu, na atakayeumia ni mgonjwa.

Wakongwe wenzangu husema, "Sisi nasi tulipita humo humo, tukakomaa." Kweli tulipita. Ila waliokomaa ndio waliobaki kusimulia. Waliokata tamaa hawapo kutujibu.

Wema wa mtu mmoja mmoja upo na ninaushukuru, lakini akihamishwa wodi unaondoka naye. Ndiyo maana naomba msaada huu uandikwe. Muuguzi mpya awekwe kwenye ratiba pamoja na mwenzake mzoefu, kwa majina, na kwa miezi ya mwanzo waingie na kutoka zamu pamoja. Mlezi huyo apunguziwe wagonjwa, maana kumwelekeza mtu huku umebeba wodi nzima ni kazi mbili. Na asiwe yeye anayemwandikia tathmini, la sivyo kijana ataficha asichokijua. Kwa wauguzi wanaume, ambao duniani ni wachache, na kwa waliotoka nchi nyingine, jambo hili lina uzito zaidi, kwani wao ndio mara nyingi hukaa pembeni wakati wa mapumziko.

Halafu kuna vifo, ambavyo hatuvizungumzi kabisa. Mgonjwa uliyemwosha na kumlisha kwa wiki kadhaa anafariki alfajiri. Unamtayarisha, unazungumza na ndugu zake, na kabla hujavuta pumzi unaitwa kitanda kingine. Mwaka 1997 hospitali ya Massachusetts General, Boston, ilianza vikao ambamo wauguzi, madaktari na watumishi wengine huketi pamoja kuzungumza jinsi kazi inavyowagusa moyoni, bila kutafuta aliyekosea. Vimepewa jina la Kenneth Schwartz, wakili aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 baada ya kuguswa na utu wa waliomhudumia. Leo vinafanyika pia Uingereza. Havidai mashine yoyote. Vinadai chumba, saa moja, na mtu wa kushika wodi kwa muda huo.

Watakaosema watumishi hawatoshi wana hoja, ila kila kijana anayeacha kazi anauzidisha uhaba huo huo. Shirika la Afya Duniani, lilipofafanua mwaka 2019 uchovu unaomchakaza mfanyakazi, lilisema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa vizuri. Kwa hiyo tusiwaambie vijana wajikaze tu huku chanzo kimo katika namna tunavyopanga kazi.

Wakuu wa wodi, ratiba ya mwezi ujao bado iko mikononi mwenu. Itakapobandikwa, kila jina jipya liwe na jina la mlezi pembeni yake.

Muuguzi wa wodi