Kuvu ya kiyoyozi kibovu si uchafu wa mpangaji

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu kuvu majumbani imenishinda, hasa pale ilipomalizia kwa kumtaka mpangaji afungue madirisha na afute kuta. Madirisha hayazibui bomba, Mhariri.

Kiyoyozi kikipoza hewa hutoa maji. Maji hayo hudondokea kwenye trei iliyo ndani yake, kisha hutoka nje kwa bomba jembamba. Bomba likiziba kwa utelezi wa vumbi, au fundi akilifunga bila mteremko, maji hurudi na kushuka ukutani. Ukuta ukilowa siku moja au mbili, kuvu huanza kuota.

Chumbani kwa wanangu doa lilianza chini ya kiyoyozi, ukubwa wa kiganja, rangi ya chai. Nikampigia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Akaniambia niweke ndoo. Nikaweka. Wiki ya tatu nilivuta kabati nikakuta ukuta mweusi toka sakafuni hadi usawa wa kiuno, ubao wa nyuma wa kabati umevimba, na kola za sare za shule zimeota unga wa kijani. Mwanangu wa pili ana pumu, na kitanda chake kilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Fundi aliyeletwa baadaye hata hakufungua kiyoyozi. Alikuja na kopo la rangi nyeupe, akapaka juu ya kuvu, akaondoka. Haikupita muda rangi ikaanza kubanduka na weusi ukachungulia tena. Tulipohama nikaambiwa amana yangu hairudi kwa kuwa nimeharibu ukuta. Mimi niliyekuwa naamka usiku wa manane kumwaga ndoo ndiye niliyeharibu!

Huko Uingereza mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu iliyojaa nyumba waliyopanga. Baba yake alilalamika tangu 2017, naye aliambiwa apake rangi. Mpaka leo kuna mzazi mahali fulani anaambiwa hivyohivyo.

Sisemi mpangaji hana wajibu. Chujio ni langu kuosha, maana likijaa vumbi koili, ile mirija ya ndani inayopoza hewa, hushika barafu, na barafu ikiyeyuka maji humwagika ndani. Nikiliona doa nikanyamaza miezi sita, hilo kosa langu. Lakini trei, bomba na mteremko wake ni vya mwenye nyumba, na nikishatoa taarifa, kila siku anayochelewa ni juu yake.

Na mikataba yenyewe! Inaandikwa kwamba matengenezo madogo ni ya mpangaji, basi, imeishia hapo. Dogo ni lipi? Balbu? Bomba? Dari iliyoshuka? Mpangaji anatia sahihi huku vyombo viko tayari kwenye gari, na dalali amesimama mlangoni akiharakisha.

Napendekeza hivi. Siku ya kukabidhiana funguo, fundi afungue kifuniko cha kila kiyoyozi na amimine lita moja ya maji taratibu kwenye trei, mwenye nyumba na mpangaji wakiwa wamesimama nje pamoja kwenye mdomo wa bomba. Maji yakitoka, waandike tarehe na kutia sahihi kwenye karatasi, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Yasipotoka, kodi isipokelewe hadi bomba lizibuliwe. Zoezi lirudiwe kila miezi sita, kwa gharama ya mwenye nyumba.

Nanyi mkiandika tena habari za kuvu, mwulizeni kwanza mwenye nyumba bomba lake linamwaga wapi.

Mpangaji aliyehama