Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: nani analipa nauli ya habari?

Mheshimiwa Waziri,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nilikuwa mwandishi wa mkoani, Geita, wa redio moja ya biashara yenye makao yake Dar es Salaam. Jina lake naliacha, maana haikuwa mbaya kuliko nyingine. Kwa miaka sita sikuwahi kupewa mkataba. Nilikuwa na kitambulisho, kinasa sauti nilichojinunulia, na bei: shilingi 5,000 kwa stori iliyorushwa. Isiyorushwa ilikuwa sadaka.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu. Kisima chao kilikuwa kimekufa miezi mitatu nyuma, na akina mama walikuwa wakichota maji kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wewe unajua, Mheshimiwa, mashimo yale na zebaki, sumu ile ya kukamatia dhahabu. Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 15,000. Asubuhi hiyohiyo kampuni moja ilikuwa inakabidhi madawati kwenye shule ya msingi pale mjini, na afisa uhusiano wake alikwishatutumia ujumbe kwamba usafiri upo, chakula kipo, na "waandishi mtaangaliwa". Nikaenda kwenye madawati. Yalikuwa 40, na yalisomwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa urefu ambao sijawahi kupewa kwa stori nyingine yoyote. Kisimani sikufika wiki ile, wala iliyofuata.

Siandiki haya ili nijitakase. Bahasha za pesa kutoka kwa wenye shughuli nimepokea, tena nikijua kanuni za Baraza la Habari zinasema nini. Ila kila ninaposikia viongozi wakitukemea kwamba tumekuwa makanjanja, huwa najiuliza kama wameshawahi kupiga hesabu ya bodaboda. Mwenye redio asipolipa nauli, atalipa mwenye shughuli, na mwenye shughuli hana sababu ya kunipeleka kisimani.

Wapo wazee wanaokumbuka enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam ya serikali, na kutamani zirudi. Mimi simo. Nakumbuka pia Shihata, shirika la habari lililoanzishwa 1976, lililokuwa na waandishi hadi mikoani. Mshahara wao ulitoka serikalini, na habari nazo zilinusa serikali. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya binafsi, Radio One na ITV zikaja mwaka uliofuata, na baadaye Clouds, tulipata vitu ambavyo hatukuwa navyo: mtangazaji anayecheka, msikilizaji anayepiga simu na kulalamika, muziki wa vijana wetu wenyewe, magazeti yanayosomwa asubuhi kwa abiria wa daladala asiye na hela ya kununua hata moja. Hayo yaliletwa na biashara. Lakini Shihata ilipovunjwa, wale waandishi wa mikoani tuliwabadilisha na nani? Tuliwabadilisha na watu kama mimi.

Leseni ya redio hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Masafa hukaguliwa, na Kamati ya Maudhui inaweza kukiita kituo kwa sababu mtangazaji wa asubuhi kateleza ulimi. Sijawahi kusikia kituo kimeitwa kwa sababu hakijamlipa mwandishi wa wilayani. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwenye chombo awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Kifungu kizuri sana, na njia rahisi ya kukikwepa ni kutokuwa na wafanyakazi. Sasa mwandishi anatakiwa pia awe na stashahada ndipo apate ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hii. Sawa, asome. Lakini tunamdai cheti mtu ambaye hatumdai mwajiri wake hata karatasi moja yenye sahihi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi kama msikilizaji. Mchana ukifungua redio utakuta mtaalamu wa tiba asili amekaa studio saa nzima. Mtangazaji anamwita dokta, anamuuliza maswali ambayo dokta mwenyewe ameyaleta, wasikilizaji wanapiga simu kutoa ushuhuda, na namba ya kuagizia inarudiwa hadi mtoto anaiimba. Hakuna anayesema kwamba saa ile imenunuliwa. Mama yangu alinunua chupa mbili za dawa ya presha, akaacha vidonge vya hospitali, kwa sababu "redio imesema". Kwake yeye, redio ni ile ile iliyomtangazia Uhuru. Hatofautishi taarifa ya habari na kipindi kilicholipiwa, na hatujampa njia ya kutofautisha. Vipindi vya michezo navyo vimegeuka hivyohivyo: uchambuzi unaishia kwenye odi za kubeti.

Wamiliki watakwambia soko la mikoani ni dogo, kwamba duka la pembejeo la Katoro halina uwezo wa kuibeba redio. Ni kweli. Watakwambia pia taasisi za umma zinarusha matangazo halafu hazilipi kwa wakati, na hilo nalo ni kweli, lipo mikononi mwa serikali yako. Lipeni. Mkishalipa, mtakuwa na uso wa kuwadai wao.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Leseni inapohuishwa, kituo kionyeshe mikataba ya waandishi wake wote, wa mikoani wakiwemo, na kionyeshe kwamba kinawalipia nauli. Kipindi kilicholipiwa kitamkwe hivyo kwa Kiswahili cha wazi, mwanzoni, katikati na mwishoni, ili mama yangu asikie hata akifungua redio katikati.

Kile kijiji, Mheshimiwa, kilikuja kuingia kwenye habari. Mwaka uliofuata mgeni rasmi alikwenda kuzindua kisima kipya, na waandishi 11 tulipakiwa kwenye gari la halmashauri.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa zamani, Geita

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, TCRA