Asante dada wa soksi pale Doha
Dada uliyekaa pembeni yangu Doha tukisubiri ndege ya Washington, hata jina lako sikuuliza ila Mungu akubariki sana. Uliona miguu ilivyonivimba toka Dar, viatu havifungi, ukatoa soksi za kubana mpya kabisa bado ziko kwenye pakti, ukachuchumaa ukanivalisha mwenyewe huku unanyoosha kila mkunjo mpaka chini ya goti, ukanambia usizikunje kule juu zitakaba damu isipite. Kumbe zinabana zaidi kwenye kifundo halafu zinalegea kadiri zinavyopanda, ndo zinasaidia damu kurudi juu! Masaa kama 14 angani nimetua miguu myepesi, viatu vimeingia bila shida. Na mama nshamnunulia zake, anakuja mwezi wa 12. Asante sana dadangu.