Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Malaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Wilaya, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, viongozi wa baraza la kijiji (LC1), walimu, wazazi, majirani zetu wenye maduka na vibanda vya barabarani, na wanafunzi wenzetu, hamjambo nyote.

Mheshimiwa, karibu Malaba. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Umechelewa kidogo, nasi hatukulaumu hata chembe, maana foleni ya malori iliyokuchelewesha ndiyo habari yetu ya leo.

Barabara inayopita mbele ya geti letu inatoka bandari ya Mombasa, inavuka mpaka wa Kenya na Uganda hapa, inapita Tororo, Jinja na Kampala hadi Katuna, kisha inaingia Rwanda. Mizigo ya Sudan Kusini na ya mashariki mwa Kongo nayo hupita humu. Mwenye mzigo yuko Kampala, Kigali au Juba. Mwenye lori yuko Nairobi au Mombasa. Moshi unabaki kwetu. Januari 2022, upimaji wa korona ulipokwamisha malori mpakani, nchi nzima iliitaja Malaba kwa sababu bei ya petroli ilipanda. Foleni ile ndefu ilikuwa upande wa Kenya, lakini upepo haugongi muhuri wa pasipoti.

Hatusemi barabara ni adui. Wapo wazazi hapa wanaouza chai na chapati kwa madereva, wapo wanaobadili pesa, wapo wa boda boda. Karo ya wengi wetu inatoka kwenye foleni hiyohiyo. Ndiyo maana jambo hili huwa gumu kusemwa hadharani, na tumelijadili sana kabla ya kuliandika.

Madarasa ya kidato cha kwanza na cha pili yanatazama barabara. Lori likisimama nje ya ukuta na kuunguruma, mwalimu huchagua moja: afunge madirisha tupikwe na joto la mabati, au ayafungue moshi uingie. Siku za mtihani tunafunga. Asubuhi walio zamu hufuta madawati kwa kitambaa chenye maji, na ndoo huwa nyeusi kabla hawajafika safu ya nyuma. Vumbi la marram tunalijua tangu utotoni, ni jekundu na likipigwa maji linatoka. Hili ni jeusi, lina mafuta, na likishika kola ya shati jeupe sabuni ya mche hailiwezi.

Muhula uliopita tulipaka vipande vya kadi nyeupe mafuta ya kujipaka, tukatundika vingine kwenye ukuta wa barabarani na vingine nyuma ya shule, kwenye shamba la mihogo. Baada ya wiki moja tulivishusha. Viko mezani pako, Mheshimiwa. Hatukuviandika vilitundikwa wapi, na hatudhani utahitaji kuambiwa.

Kadi zimenasa masizi makubwa tu. Kinachoumiza zaidi hakionekani. Zipo chembe ziitwazo PM2.5, ambazo upana wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele. Hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha kuvumilika kwa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hewa ya Kampala hupita kiwango hicho mara kadhaa. Moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu 2015 salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni hatua njema. Lakini injini iliyochakaa hutoa masizi hata ukiinywesha dizeli safi.

London alikuwako mtoto aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyeishi karibu na barabara kubwa ya South Circular. Alikuwa na pumu kali. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakukubali yaishie hapo, na Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha mtoto huyo. Hapa kwetu mtoto akikohoa huambiwa ni kifua tu, apewe tangawizi. Wenzetu wenye pumu tumewahamishia madawati ya mbali na dirisha. Uwezo wetu uliishia hapo.

Kifungu cha 39 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Hakikusema isipokuwa anayekaa kando ya barabara kuu.

Tulizungumza na madereva. Tuliwauliza kwa nini wasizime injini. Mmoja alisema foleni ikisogea hatua tatu na wewe umelala, aliye nyuma anakuingilia. Mwingine amebeba samaki, akizima mtambo wa baridi mzigo unaoza. Nao wanaumia kuliko sisi, maana wanalala humo ndani ya moshi usiku kucha. Kwa hiyo kuwapiga faini peke yake hakutasaidia. Tunaomba malori yasisubiri kwenye kipande cha mbele ya shule. Yasubiri kwenye yadi za maegesho, yaitwe kwa namba, ili dereva azime injini bila hofu ya kupoteza zamu.

Tunaomba pia ofisi yako itusaidie kupata kifaa cha kupima hewa. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, hutengeneza vifaa hivyo papa hapa Uganda, na vingine hufungwa kwenye boda boda. Mwalimu wetu wa fizikia yuko tayari kukitunza.

La mwisho ndilo la haraka. Ramani ya madarasa mapya inayaweka karibu na geti. Moshi wa barabara hupungua sana ukisogea mita 150 hadi 300. Tunaomba, kabla msingi haujachimbwa, jengo lihamishiwe nyuma, kwenye shamba la mihogo. Mihogo tutaing'oa wenyewe, na mpishi ameshakubali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Mazingira.